Kasha la Mbegu la Bibi Savri

Watu hapa kijijini wakimtaja mama mkwe wangu huweka mkono kifuani, na mimi huwa natoka nje. Si kwamba simheshimu. Namheshimu kuliko wao wote. Ila wanamsifia yale ambayo kila bibi kizee husifiwa, na lile moja lililo lake hawalijui, na nikikaa pale mdomo utaniponyoka. Mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Muulizeni yeyote niliyemfundisha biolojia katika shule yetu pale chini ya jabali.

Nazungumzia ile baridi ya mwaka wa vita, barabara ya bondeni ilipofungwa na watu wenye bunduki, na ile ya juu ikafungwa na theluji. Mume wangu, Imomdod, alishuka kutafuta unga kabla theluji haijaanguka, na hakurudi. Tukabaki watatu: mimi, mama mkwe wangu Bibi Savri, na binti yangu Shakarmo, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Mbuzi tulimla mapema. Viazi tukavila mpaka vikaisha, maganda na yote. Tukala forosadi kavu zilizosagwa, kijiko kwa kijiko, na kokwa chungu za aprikoti tulizozichemsha na kuyamwaga maji yake. Halafu tukaanza kula kwa macho.

Maana chakula kilikuwemo, jamani. Hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Pembeni mwa tanuri la mkate palikuwa na kasha la mbao za mforosadi, limejaa ngano mpaka kwenye kifuniko: ngano nyekundu, fupi, isiyoiva popote ila kwenye baridi yetu ya huku juu. Bibi Savri alilala mgongo wake ukiliegemea. Ukitaka kulifungua, kwanza umvuke yeye.

Kwetu mbegu hailiwi. Si suala la msikitini, ni sheria ya maji. Mfereji mmoja unaoshuka kutoka kwenye barafu ndio unaotulisha sote, na zamu ya maji huenda na mbegu. Nyumba iliyokula mbegu yake ingali hai haina zamu tena, wala watoto wake, wala watakaozaliwa. Iko nyumba kule juu, ya kina Qodir, babu zao walikula mbegu mwaka fulani wa njaa. Shamba lao leo ni changarawe tupu, na wenyewe wametawanyika hatujui wako wapi.

Ila mlango mmoja uliachwa wazi. Mbegu ikifa yenyewe, kwa uzee au kwa unyevu, hiyo si mbegu tena, ni chakula, na mwenyewe anaisaga bila aibu. Tena wakati wa kupanda kila nyumba inampelekea bakuli la mbegu yake. Ndiyo maana kabla ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wetu, kila kasha hupimwa. Jirani huja, huchota konzi moja kwa mkono wake, huilowesha, huifunga kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa hukaa karibu na tanuri mpaka kifunguliwe mbele ya mzee wa maji. Punje zikiota jino, ndivyo wanawake wetu wanavyousema ule mzizi unapochungulia, basi kasha linasubiri jembe, na zile za kwenye kitambaa huachwa zikue gizani, zitoe machipukizi meupe ya kupikia sumanaki. Huo ndio uji wetu wa Nairuzi, mzito, wa hudhurungi, hautiwi hata chembe ya sukari lakini ni mtamu ajabu.

Aliyekuwa akiukoroga kwa kijiji kizima ni Bibi Savri, tangu ujana wake, kwa mwiko mrefu wa mbao za mjozi aliorithi kwa mama mkwe wake. Mwiko ule ulining'inia kwenye msumari juu ya kasha. Mwaka nilioolewa niliuchukua nikakorogea supu, nikasemwa mpaka nikatamani kurudi kwetu.

Basi Shakarmo akaanza kuvimba miguu. Anayeijua njaa anajua maana yake. Unabonyeza kwa kidole, na shimo linabaki palepale linakutazama. Alikuwa halii, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu binti yangu alikuwa mtoto wa makelele. Siku moja, ili nimchangamshe, niliokota punje moja iliyodondokea ufa wa sakafu. Bibi Savri akanikata jicho, lakini punje moja akaniachia. Nikaipasua kwa wembe, kwa urefu, nikamwekea kiganjani.

"Hili la nje ni ganda," nikamwambia. "Huku kote kweupe ni wanga. Ndicho chakula. Na hapa chini pembeni, unakiona hiki kidogo cha rangi ya maziwa? Hiki ni kiini. Humu mna jani na mzizi, vimekunjwa."

"Ni mtoto?"

"Ni mtoto wa ngano."

"Amelala?"

"Amelala."

Akaisogeza punje karibu na pua. "Amelala na mkate wote huu mgongoni, na hali? Loo, mjinga huyu!"

Bibi Savri alicheka kule alikokuwa, mpaka akakohoa. Nami nikacheka.

"Anasubiri maji," nikasema. "Maji yakiingia anaamka, anaupelekea wanga habari, wanga unageuka sukari, ndipo anapokula. Unadhani sumanaki inapata wapi utamu?"

Akaomba bakuli la maji, akanywa lote, akalala chali akiwa ameweka mikono tumboni, anangoja. Nikadhani amesinzia. Kumbe wapi. "Mama," akaniambia, "kwangu hakuna kinachogeuka."

Nilitoka nje nikalia, na machozi yakanigandia mashavuni. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kasha.

"Mama, nipe bakuli moja," nikamwambia Bibi Savri. "Moja tu. Nitalisaga mwenyewe, nani atajua?"

"Tena usinitajie."

"Atakufa huyu!"

"Mohtob wa jirani ataona unga mdomoni mwake. Nazrisho, mzee wa maji, ataona kasha limepungua. Watakata maji, tutakufa wote watatu, na Imomdod akirudi akute changarawe."

"Imomdod harudi!"

Neno lile nilikuwa sijawahi kulisema, hata moyoni. Alinipiga kofi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, haukuniuma, na huko kutoniuma ndiko kulikozidi kunipandisha hasira.

"Unalipenda kasha kuliko mjukuu wako," nikasema. "Basi libebe mgongoni. Lifunge na shuka, uliimbie."

Aliugeuzia ukuta uso wake. Shakarmo alikuwa akitutazama wakati wote, macho makubwa, kiganja bado kimefumba ile punje.

Tangu siku hiyo nilianza kuomba jambo ambalo sijawahi kusikia mkulima analiomba. Nilikuwa nikisujudu ninamwambia Mungu, ua mbegu ile. Iue kabla ya kitambaa. Na nilijua fika ninajisumbua, kwa sababu kile kiini nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Kiini kilichokufa huwa cheusi, kikavu. Kile kilikuwa na rangi ya maziwa, laini, kizima kabisa. Kasha lile lilikuwa hai kuliko sisi.

Mohtob alikuja kuchota konzi. Huyu ndiye jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye watoto wadogo, mwanamke ambaye maneno yake yangekuwa kuni kijiji kisingeijua baridi.

"Mwalimu!" akaniambia mlangoni. "Umekonda mpaka ubao wako wa shule unakuzidi unene."

"Na wewe mashavu yako yako wapi? Umemwazima nani?"

"Nimeyaweka akiba ya Nairuzi, mwenzangu." Akamwinamia Bibi Savri, akambusu mkono. "Shangazi, hebu sogea nichote. Au hata mimi nikuvuke?"

Alichota katikati ya kasha, kama inavyotakiwa, si juu wala si pembeni. Akalowesha, akafunga fundo lake mwenyewe, fundo la Mohtob ambalo kila mtu analijua kwa ukaidi wake. Bibi Savri akakipokea kitambaa akakitundika karibu na mdomo wa tanuri, pale alipoweza kukifikia kwa mkono. Na ule mkono haukutoka pale. Msidhani sikuwaza. Nilishawaza. Lakini kila nilipopita karibu, jicho lake lilikuwa wazi.

Tanuri lenyewe tulikuwa tukilichochea kwa samadi kavu, kidogo kidogo, joto la kuwazuia kuku kufa, na kuku wenyewe hatukuwa nao. Chai ilishakuwa hadithi. Siku moja nilikwenda mtoni kuvunja barafu nichote maji. Kwa nguvu zangu za wakati ule, kazi hiyo ilinichukua muda mrefu. Nilirudi nimefura kwa baridi, na ndani nikakuta mvuke na joto la ajabu.

"Bibi amechemsha birika," Shakarmo akasema kwa sauti ya kulalamika, "na hakunipa hata tone."

"Birika zima?" nikamgeukia mama mkwe wangu. "Kwa kuni zipi?"

"Za babu yako."

"Mama, nauliza kwa ustaarabu."

"Nimekanda miguu yangu. Inauma. Au na miguu yangu nayo ina zamu?"

Nilijaa hasira mpaka kooni. Mtoto analala anatetemeka, na bibi anakanda miguu! Lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kugombana kulihitaji shibe. Nililala kando ya binti yangu, nikampa mgongo.

Siku ya kufungua, mzee wa maji alikuja akijikongoja na fimbo, amevaa makoti mawili. Mzee Nazrisho ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lile lango la mbao la mfereji, na neno lake lilikuwa neno. Akaketi kwenye godoro, akakataa mto. Mohtob akapiga magoti katikati ya chumba, akakagua fundo lake, akalihangaikia kwa meno, akafungua kitambaa.

Nilikuwa nimejiandaa kuyaona meno meupe. Hapakuwa na jino hata moja. Punje zilikuwa zimevimba, zimechakaa, zimetoa ute, na harufu ya uchachu ikapanda. Mohtob alichukua moja akaibonyeza, ikapondeka kati ya vidole vyake. Akachukua nyingine, ikapondeka. Akaipeleka puani. Kisha akainua macho akamtazama Bibi Savri, akamtazama sana, na Bibi Savri akawa anatazama majivu.

"Vipi?" Mzee Nazrisho akauliza.

Mohtob alifuta vidole kwenye gauni lake. "Imekufa, mzee," akasema kwa sauti kubwa. "Yote."

"Kasha la Savri? Kasha la mama mkwe wa Savri?" Mzee alishika ndevu. "Halijawahi kufa hili tangu nina akili."

"Uzee," Bibi Savri akasema. "Kila kitu kinazeeka, Nazrisho. Wewe mwenyewe jitazame."

Mzee akacheka kwa kukwama, akakohoa, akakubali. "Basi isagwe. Zamu yenu iko palepale. Wakati wa kupanda kila nyumba italeta bakuli lake, kama ilivyokuwa siku zote."

Sijui niliufichaje uso wangu. Nilitamani kuruka, na mila inataka mwenye mbegu iliyokufa alie, kwa hiyo nilijifunika mtandio nikajitia kulia, na chini yake nilikuwa namshukuru Mungu. Wageni walipotoka nilikimbilia kasha. Kwa mara ya kwanza Bibi Savri alinipisha. Nikainua kifuniko, na nilipokuwa nakiegemeza ukutani macho yangu yakakutana na msumari.

Msumari ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale na kifuniko mkononi. Mwiko wa mjozi, mrefu kuliko mimi, uliokuwa ukipakwa mafuta kila mwaka kama mtoto mchanga, haukuwepo. Nikakumbuka birika. Nikakumbuka lile joto ndani ya nyumba. Niliokota punje chache za kwenye kitambaa, nikachukua wembe, nikaenda dirishani.

Punje iliyokufa kwa uzee ukiipasua, kiini chake ni kikavu na cheusi, lakini wanga wake unabaki mweupe, wa vumbivumbi, kama chaki. Hizi zilikuwa na kiini kilichopauka, kimelegea, na wanga wake ulikuwa unang'aa, una ukungu wa kioo, kama wa wali. Wanga haung'ai hivyo kwa uzee. Haung'ai hivyo kwa unyevu. Unang'aa hivyo kwa jambo moja tu, nalo ni maji ya moto.

Alikuwa amekipitisha kitambaa kwenye maji yanayochemka, na fundo la Mohtob juu yake halijaguswa. Na kuni za kuyachemsha maji hayo zilikuwa mwiko wake.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Nikaufuta wembe kwenye gauni langu, nikaenda kuvuta jiwe la kusagia.

Nilimwanzishia Shakarmo uji mwepesi, karibu maji matupu, kwa sababu najua tumbo lililofunga likishtuliwa linaua. Halafu uji mzito. Halafu kipande cha mkate. Aliula mkate wa kwanza kwa kuunyofoa chembe kwa chembe, akiunusa kila mara. Kwenye miguu yake, lile shimo la kidole likaanza kujaa taratibu, na siku moja akamtukana paka wa Mohtob kwa sauti iliyofika barabarani. Nilikaa chini nikashika kichwa kwa furaha.

Bibi Savri hakula.

Mwanzoni alisema meno. Nikamlowekea mkate. Akasema tumbo. Nikamtengenezea uji. Akasema atakula baadaye, na baadaye nikakuta bakuli lake mbele ya Shakarmo, limekombwa. Yeye alikuwa akilamba yale masalio ya unga wa forosadi, na kidonge cha samadi kilikuwa na uzito zaidi kuliko alichokuwa akimeza. Nikaona nimzidi akili. Nikachanganya unga wa ngano na ule wa forosadi, nusu kwa nusu, nikampa kijiko. Akaonja, akautema kiganjani, akautazama.

"Mwalimu," akasema, "unamdanganya nani? Mimi niliyekuzidi kwa uongo?"

Shakarmo alikuwa nje. Nilipiga magoti mbele yake na mkate mkononi. "Kula, mama. Nakuomba. Kula."

"Umezipasua. Nimekuona."

"Nimezipasua."

"Basi unajua ni nini hiyo uliyoshika."

"Ni mkate!" nikamfokea. "Imeshasagwa, imeshaokwa! Kiini, ganda, wanga, vyote ni unga. Hakuna kilicho hai humu. Ule usile, hautarudi kuwa ngano. Unakufa kwa ajili ya nini?"

"Usipige kelele, mtoto atasikia." Alivuta pumzi kidogo. "Watakuja na mabakuli, Zevar. Mohtob atachota kwenye kasha lake, na watoto wake umewaona. Atatoa kwa sababu ya uongo wangu. Mimi nilipokabidhiwa kasha hili niliapa mkono wangu ukiwa juu ya kifuniko. Sijala mbegu hai, na sitakula. Mtoto hakuapa. Wewe hukuapa."

"Na mimi nitaishi vipi na hilo?"

"Kwa kunyamaza. Najua kwako ni vigumu." Na akatabasamu, bibi yule, fizi tupu. "Mtoto asijue. Akijua atalihesabu kila tonge."

Nilimlaumu, nikamtukana, nikamkumbatia. Nilijaribu kumfungua mdomo kwa nguvu, na mdomo ule uliokuwa hauna nguvu ya kutafuna ulipata nguvu ya kufunga. Nilimwambia yale maneno ya shuka na kasha yalinitoka kwa uchungu. Akasema anajua, na kwamba hata hivyo yalimchekesha baadaye.

Siku moja kabla ya Nairuzi wanawake walifika mlangoni, Mohtob mbele. Nyumba chache zilikuwa zimejikusanyia machipukizi, konzi huku, konzi kule, wapike angalau sufuria ndogo ya sumanaki, mwaka usiingie mkavu.

"Tumekuja kuazima mwiko," mmoja akasema. "Na kama shangazi ana nguvu, aje aukoroge hata mara moja."

Bibi Savri alikuwa amelala, blanketi limembana na bado ungedhani godoro ni tupu. Alifumbua macho akanitazama.

"Umepasuka," nikasema. "Kwa baridi."

"Umepasuka? Mti wa mjozi?"

Mohtob aliutazama msumari juu ya kasha. Akautazama kwa kitambo. Kisha akawageukia wenzake. "Mbao za zamani hizo, mnataka zidumu mpaka kiama? Twendeni, tutakoroga kwa mpini wa koleo. Nani atauona, si mtakuwa mmefumba macho kwa utamu?" Akawasukuma nje wote. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho, akanivutia mlango.

Walituletea bakuli la sumanaki. Hiyo aliila, mama mkwe wangu, vijiko viwili, kwa sababu ilitoka kwenye vitambaa vya watu vilivyochipua kwa haki. Nilidhani ameanza kurudi. Niliketi kando yake nikipanga nitampa nini na lini. Lakini mwili ulikuwa umeshaamua. Alikufa kabla maua ya aprikoti hayajafunguka, asubuhi, nikimfuta uso. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali.

"Amekula?"

"Amekula, mama."

Kwetu mwanamke aliyeshika mbegu na mwiko huzikwa na konzi ya kasha lake. Inatawanywa juu ya udongo wa kaburi, iote, watu wajue ni nani. Wanaume walipomaliza kufukia, Mzee Nazrisho akaniuliza iko wapi. Kasha nilikuwa nimelifagia kwa ufagio, nikalipangusa na pembe zake, punje ya mwisho tulishaila.

"Mimi ninazo," Shakarmo akasema.

Alitoa kifuani kile kitambaa cheupe. Alikuwa amezikusanya zile punje siku ile ya kufunguliwa, akazikausha juu ya tanuri, akazihifadhi. Hawa ni wangu, akasema, hawa waliolala. Mzee akatikisa kichwa, kwamba mbegu iliyokufa haifai kaburini, na ni Mohtob aliyesema, "Mwache mtoto. Ni za bibi yake." Basi akazitawanya mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, akazifunika kwa vidole.

Wakati wa kupanda mabakuli yalikuja. La Mohtob lilikuwa limejaa mpaka kwenye ukingo. Watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake, shingo nyembamba, wakilitazama. Nilitaka kulirudisha. Nilitaka kusema kila kitu pale pale mlangoni, na nadhani aliuona mdomo wangu ukianza, kwa sababu alilisukuma bakuli kifuani kwangu kwa nguvu mpaka punje zikaruka.

"Pokea, mwalimu," akasema. "Kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza."

Nikapokea. Nikapanda. Ilipofika zamu yetu Mzee Nazrisho alifungua lango la mfereji, na maji yakaja shambani kama yalivyokuwa yakija siku zote.

Shakarmo hakuwa na habari na shamba. Kila asubuhi alipanda mpaka makaburini, akachutama, akapapasa udongo. Shamba zima lilikuwa limeshatoa kijani, naye bado anakwenda. Siku moja nilimfuata. Alikuwa amelalia tumbo, sikio lake limewekwa juu ya kaburi.

"Mama, kwa nini hawaamki?"

Mimi niliyemfundisha mtoto wa kila nyumba kijijini jinsi punje inavyoamka, nilichutama kando yake. "Bado wamelala," nikasema.

"Labda hawajapata maji ya kutosha."

Akainuka, akajipangusa magoti, akachukua kopo lake. Na kabla sijamzuia alikuwa ameshashuka mteremko, anakimbia kwa miguu yake miwili mizima, kwenda kuchota kwenye mfereji, kwenye zamu yetu.